Madamu na Neno la Katikati

Madamu hakuwahi kumwambia mtu kwamba kazi yake ni nzuri. Ukimpelekea ulichoandika, alikisoma chote, akanyamaza, kisha akakutamkia kipande kimoja cha maneno yako mwenyewe, kama jirani anayerudisha sufuria aliyoazima. Ndipo alipoendelea kusema kama amekubali au amekataa. Na kipande hicho hakikutoka mwanzoni hata siku moja.

"Neno la kwanza hata mbuzi anayepita kando ya barza analisikia," alikuwa akisema. "Niletee la katikati, nijue uliingia ndani."

Desturi ya kurudisha neno hakuibuni yeye. Aliikuta kwa watu wa mama yake, katika vijiji vya Wamaza. Kule, mtu akileta shauri au habari barazani, hakuna aliyeruhusiwa kusema ndiyo wala hapana kabla ya kuchukua kitu kimoja kutoka katika maneno ya msemaji na kukitamka tena mbele ya watu. Asiyerudisha neno alihesabiwa kuwa hakuwepo, hata kama alikalia kiti cha mbele. Kwa wazee neno lolote lilitosha, hata la kwanza. Sharti la katikati aliliongeza Madamu, kwa sababu alikuwa amefundisha Kifaransa miaka mingi katika sekondari ya Kasongo, na aliwajua wanafunzi wanaosoma ukurasa wa kwanza wa kitabu kisha wakajibu mtihani kwa ujasiri.

Tulifahamiana kwa sababu ya simu. Mimi natengeneza simu na kufunga sola hapa Kasongo, mashariki ya Kongo. Sekondari sikuimaliza, ninachokijua kuhusu mashine nimekipata kwa kusoma polepole, kamusi ikiwa pembeni. Alikuja kibandani na simu iliyotumbukia kwenye sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nilipokuwa naifungua, aliona karatasi nilizokuwa nimechapa, akauliza zinahusu nini. Nikamwambia zinahusu blokcheni.

"Umefika wapi?"

"Karibu mwisho, Madamu."

"Basi niambie kitu kimoja cha katikati."

Nikamwambia kwamba kila kinachoandikwa humo hufungwa pamoja na kilichotangulia, na nakala huwekwa kwenye mashine nyingi za nchi nyingi, kwa hiyo hakuna mkubwa anayeweza kwenda mahali pamoja na kufuta. Alivuta kiti akakaa. Simu ilikuwa tayari zamani, na yeye bado alikuwa akiuliza.

Ni katika karatasi zile alimokutana na habari za mtandao wa kijamii uliojengwa juu ya blokcheni. Nitaueleza kwa ufupi, kwa sababu bila huo Madamu haeleweki. Mtu anaweka humo maandishi au picha. Wengine wakikipenda alichoweka, wanakipigia kura. Kila siku mtandao unatoa fungu la tokeni, ambazo zinaweza kubadilishwa kuwa pesa, na fungu hilo linagawanywa kwa kufuata kura. Aliyeandika anapata, na aliyepiga kura naye anapata kidogo kwa kazi ya kuchagua. Kura hazilingani uzito: aliyefungia tokeni nyingi kwenye akaunti yake, kura yake ni nzito zaidi. Yaliyopata kura nzito hupanda ukurasa wa mbele, na watu huyaona.

Wengi waliposikia haya waliuliza habari za tokeni. Madamu aliuliza jambo moja tu: "Mwenye kuchagua analipwa ili asome?"

"Ndivyo walivyokusudia," nikajibu.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba kusoma ya mwenzako ni kazi."

Hapo ndipo kilipoanza kile tulichokiita barza ya simu. Madamu aliwakusanya wanafunzi wake wa zamani wa Kasongo, halafu na wengine waliokwenda kutafuta maisha kwenye dhahabu ya Salamabila. Waliandika Kiswahili chetu hiki, wengine Kibangubangu. Sharti lilikuwa moja: hakuna kura bila kurudisha neno. Chini ya kila andiko tulilolipigia kura, mtu aliweka kwanza kipande cha mwenzake. Madamu alifungia kila tokeni aliyopata ili kura yake izidi kuwa nzito, akavaa viatu vilevile vilivyopinda kisigino.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alihubiri subira, lakini hakuweza kungoja chai ipoe. Aliinywa ikimchoma huku akiilaumu. Aliogopa pikipiki kuliko nyoka, na hakuna mwanamke wa umri wake aliyepanda pikipiki nyingi kama yeye kati ya Kasongo, Kabambare na Salamabila. Kwenye kila daraja bovu alishuka, akavuka kwa miguu, akamfokea dereva kwa kosa la aliyejenga daraja. Kifaransa alikijua kuliko watu wote wa ofisini, na mbele yao hakukisema. "Nilikisoma nisome nacho," alisema. "Sikukisoma niogopwe." Alikemea masengenyo darasani, lakini ukitaka kujua nani ameachana na nani kuanzia sokoni mpaka misheni, ulikwenda kwake.

Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja. Wa pili ulikuwa uzi. Aliposoma, midomo ilicheza, na akifika mahali pazuri, midomo ilisimama. Tuliokuwa tukisubiri hukumu yake tuliitazama midomo.

Roboti za kura zilikuwepo kabla hatujaingia. Nilikuwa nimezisoma katika karatasi, sikuzitilia maanani. Roboti ya kura ni programu yenye akaunti yenye tokeni nyingi. Unaipelekea tokeni, na yenyewe inakuja kupiga kura nzito kwenye andiko lako. Haiulizi umeandika nini. Ukiweka picha ya kiatu, inakipigia kura kiatu. Wenye tokeni nyingi ambao hawataki taabu ya kusoma huikodishia roboti uzito wa kura zao, nayo huwagawia mapato.

Aliyetuletea jambo hilo ni Safari. Alikuwa mwanafunzi wa Madamu, na sasa anauza sabuni, betri na buti za mpira pale Salamabila. Alikuwa mcheshi na mwerevu, na aliandika vizuri alipotaka. Siku moja Madamu alikuwa kibandani kwangu, Safari naye amekuja Kasongo kununua bidhaa. Akatuonyesha simu. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya sahani ya wali aliyoiweka yeye.

"Madamu, angalia! Wali yangu iko inatembea dunia nzima."

"Nani amesoma?"

"Wali haisomwi, Madamu. Inaliwa."

"Nimekuuliza nani alikupigia kura."

"Nilituma tokeni kwa roboti, ikakuja. Haina maneno mengi kama nyiye." Akacheka, akanigeukia mimi. "Fundi, mwambie. Weye mutu wa mashini. Madamu anasoma mpaka macho inatoka machozi, anapata kidogo. Miye napika wali, nalala."

Madamu aliitazama ile sahani muda mrefu, kwa bidii ileile aliyotumia kwa maandishi. Mwisho akasema, "Hata chumvi sioni mahali ilipo."

Safari alicheka mpaka akashika meza. Lakini hakurudi kuandika. Na baada yake wakaondoka wengine, kimyakimya. Sikuweza kuwalaumu, kwa sababu hesabu ilikuwa wazi. Fungu la siku ni moja. Kila tokeni inayokwenda kwenye sahani ya kununuliwa inatoka kwenye andiko la mtu aliyesomwa. Anayenunua kura anapata nguvu ya kununua tena kesho; anayesoma kwa uaminifu anabaki pale alipo, halafu anashuka. Ukurasa wa mbele ukajaa picha za jua likichwa, maneno ya baraka yaliyonakiliwa, na matangazo. Yote yalikuwa na kura nzito, na hakuna aliyekuwa ameyasoma, hata walioyaweka. Mtu mgeni akifungua mtandao ule angedhani hayo ndiyo watu wa dunia wanayoyapenda.

Madamu aliendelea kusoma. Aliandika barua kwa walioonekana kuwa wakubwa wa mtandao, kwa Kifaransa kile alichokuwa hakisemi. Mmoja alimjibu kwamba soko liko huru. Madamu akanisomea jibu lile, akarudisha neno la katikati kama kawaida yake, akafunga simu.

Katika waliobaki barazani kulikuwa na Mama Anifa. Naye alitoka Wamaza. Mumewe alikuwa mchimbaji Salamabila, na yeye alifanya kazi ya wanawake wa kule: kutwanga mawe kwa kinu cha chuma mpaka yawe unga, ili unga uoshwe na dhahabu itafutwe. Siku moja shimo lilianguka mume akiwa ndani. Wenzake walichimba, ukuta ukaanguka tena, wakaacha. Mwenye shimo, ambaye kule huitwa pedeje, alifungua shimo jingine kando. Mama Anifa alikwenda kwake, akaenda kwa shefu, yaani chifu wa pale, akaenda ofisini Kabambare. Alichotaka ni kwamba mumewe atolewe azikwe. Kila alikokwenda walimsikiliza na kumwambia arudi.

Basi akaandika. Andiko lake la kwanza juu ya shimo lile nalikumbuka. Lilianza hivi: "Bwana yangu aliingia katika shimo asubuhi, akiwa amevaa shati ya njano." Mbele zaidi aliandika kwamba jioni ile aliweka chakula cha mume chini ya kifuniko, na hakutaka kukifunua, wala kukila, wala kukitupa, mpaka kikaota ukungu. Madamu alipofika hapo midomo ilisimama. Alimrudishia hilo: "mpaka kikaota ukungu". Akampigia kura yote aliyokuwa nayo.

Kura ile ilizama kama kijiwe mtoni. Sahani za wali zilikuwa juu.

Sasa nitasema jambo ambalo aliniambia mwenyewe, na hakuniomba nilifiche. Madamu, aliyemfukuza Safari kwa macho, alituma tokeni kwa roboti. Aliilipa ipandishe andiko la Mama Anifa. Alisema, "Nilifikiri, likifika juu, huko juu kuna watu. Mmoja atasoma. Mmoja tu, mwenye sauti, aulize huyu mtu atatolewa lini."

Andiko lilipanda. Likakaa kwenye ukurasa wa mbele kwa siku moja, kati ya saa ya mkononi inayouzwa na jua linalokuchwa. Hakuna mtu aliyeandika neno chini yake, isipokuwa roboti yenyewe. Roboti hiyo ilikuwa imetengenezwa iache salamu kila inapopiga kura. Salamu ilianza kwa maneno ya kigeni, ikaisha kwa maneno ya kigeni, na katikati iliweka, ndani ya alama za kunukuu, sentensi ya kwanza ya andiko. Aliyeibuni alitaka tu ionekane ya kirafiki.

Mama Anifa hakuyajua yale maneno ya kigeni. Alichokiona ni Kiswahili chake: "Bwana yangu aliingia katika shimo asubuhi, akiwa amevaa shati ya njano." Mtu asiyemjua, wa mbali, mwenye kura nzito kuliko zetu zote, alikuwa amemrudishia neno.

Kwa mtu wa Kinshasa au wa Ulaya hilo lisingekuwa kitu. Kwa mtoto wa Wamaza lilikuwa hukumu iliyokwishatolewa: nimekuwepo, nimesikia, shauri lako ninalo.

Akaandika tena, na tena. Aliandika kwa yule mtu. Alimweleza shimo liko upande gani wa kilima, nani alikuwepo, nani anaweza kushuhudia. Uandishi wake ukawa mzuri kiasi kwamba Madamu, mchaguzi mgumu, alinipigia simu mchana kunisomea vipande. Na kila mara Madamu aliilipa roboti, na roboti ilikuja, ikarudisha sentensi ya kwanza.

"Unajua yanayotokea, Madamu?" nilimwuliza.

"Najua. Mara zote roboti inarudisha la kwanza. Haijavuka mlango hata siku moja. Lakini, Fundi, umeona anavyoandika?"

Ilipofika habari kwamba Mama Anifa ameacha kwenda kwa shefu, Madamu alisema twende Salamabila. Tulipanda pikipiki mbili. Kwenye madaraja alishuka, akavuka, lakini safari ile hakumfokea dereva.

Tulimkuta kazini, kwenye kibanda cha turubai pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na kinu chake cha chuma kati ya miguu. Kelele za vyuma zilikuwa nyingi hata tuliongea kwa kupaza sauti. Alifurahi kutuona. Akafuta vumbi kwenye gunia ili Madamu akae, na kabla hatujaeleza lolote akatuambia habari yake. Pedeje alikuwa ametuma watu. Wachimbaji walikuwa tayari kuchimba kutoka ubavuni mwa shimo wamtoe marehemu kabla ya mvua, ila familia iseme mbele ya shefu kwamba baada ya hapo shauri limekwisha.

"Na umejibu nini?" Madamu akauliza.

"Nimewaambia wangojee. Yule mutu wa ng'ambo anafwata shauri yangu. Hawezi kusikia maneno yote ile na anyamaze. Nikifunga miye shauri, nitamwambia nini?"

Mwanamke wa kinu cha pili akaangua kicheko. "Muache, Madamu! Dada yetu iko na bwana wa ng'ambo sasa. Karibu atatumiwa kitenge!"

"Cheka tu, mama," Mama Anifa akamjibu. "Weye, nani alishakurudishia neno? Hata mutoto yako hakurudishie."

Wote wakacheka, na vinu vikatulia kidogo. Madamu akautumia utulivu ule.

"Mama Anifa, mama yangu, nisikilize. Yule haiko mutu. Iko mashini."

"Mashini inajua bwana yangu alivaa shati ya njano?"

"Haijui. Inanakili. Inachukua ile sentensi ya mbele na kuiweka pale. Fundi iko hapa, muulize."

Nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, alirudisha neno langu moja, kama mtoto wa baraza: "Umesema haiulizi umeandika nini." Kisha akamgeukia Madamu.

"Ni weye ulitufundisha. Mutu hasifu mbele ya kurudisha neno. Pedeje nilimwelezea mpaka koo ikakauka, alirudisha? Shefu alirudisha? Wale wa biro ya Kabambare, walirudisha? Yule anarudisha kila mara. Sasa unaniambia yule peke yake ndiye haiko mutu, na wale ndio batu?"

Madamu akasema, "Ni miye nililipa, Mama Anifa. Kila mara alipokuja, nililipa akuje."

Mama Anifa alimtazama, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na shukrani.

"Basi ulimulipa akuje. Aksanti, Madamu. Na alipokuja, hakusikia?"

Akainua mchi. Vinu vingine vikafuata. Tulikaa pale mpaka jua likapinduka, tukimsihi akubali maneno ya wachimbaji, na kila alilotujibu lilikuwa la upole na lilikuwa hapana.

Tuliporudi, Madamu alifanya jaribio, la mwisho ninalolijua. Aliandika sentensi moja: "Leo mvua imekaribia." Chini yake akajaza ukurasa mzima herufi moja tu, mstari kwa mstari. Akailipa roboti. Ikaja, ikapiga kura, ikarudisha "Leo mvua imekaribia", ikashukuru. Akampigia Mama Anifa simu, akamsomea yote, na zile herufi, ili aone.

Mama Anifa akasema, "Basi ana roho nzuri. Hata maneno ya bure anasikia."

Mvua ilikuja. Shimo lilijaa maji na tope, mashimo ya kando yakaangukiana, kilima kikabadilika sura. Pedeje akahamia mahali pengine na wachimbaji wake. Hakukuwa tena na ubavu wa kuchimbia, wala mtu wa kuchimba. Mama Anifa aliandika mara moja baada ya hapo, andiko fupi. Madamu hakulipa. Roboti haikuja. Mimi na Madamu tulirudisha neno, kila mmoja lake. Mama Anifa hakutujibu. Alikuwa anamngoja mwingine.

Baada ya hapo Madamu aliacha kuitisha barza ya simu. Hakutangaza. Nyumba ya Kasongo akaiacha, akahamia Kabambare kwa dada yake. Watu waliuliza kama ameugua. Safari, ambaye wakati huo alikuwa ameuacha hata wali wake, kwa kuwa tokeni zilishuka mpaka hata kununua kura kukawa hasara, aliniambia kibandani, "Fundi, miye nilimuharibia Madamu?" Nikamwambia kwamba angekuwepo mwingine. Ni kweli, na haikumsaidia.

Nilimwona Madamu mwaka huu. Nilikwenda Kabambare kufunga sola kwenye duka, na kazi ilipokwisha mapema nikaenda kumsalimu. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya dada yake, mchana, akimenya karanga ndani ya beseni. Miwani yenye uzi ilikuwa kichwani, haikuwa machoni. Alinipa kiti, akaniuliza habari za mke na watoto, akamwita mtoto wa dada yake alete chai. Chai ilipokuja aliiacha ikapoa.

Simu yake ilikuwa kwenye jiwe kando yetu. Niliuliza kama bado inashika chaji. Akanipa niitazame. Nilipoifungua niliona akaunti yake bado iko hai, inapiga kura saa baada ya saa. Picha za jua. Saa za mkononi.

"Nimeikodisha," akasema kabla sijauliza. "Uzito wote. Roboti inapiga yenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu macho ilichoka." Akamenya karanga. "Inasifu nani sasa?"

"Hakuna mtu, Madamu."

"Sawa."

Nilikuwa na habari ya kumpa, na ndiyo iliyonipeleka pale zaidi ya salamu. Nilikuwa nimeipanga njiani, kama ninavyopanga kila kitu, ili niseme yote kwa utaratibu. Nikaanza.

"Mama Anifa amerudi Wamaza," nikasema.

Kisha nikamweleza. Kwamba kabla ya kuondoka Salamabila alipanda kilimani peke yake na beseni lake la kazi, akachota udongo pale alipokisia shimo lilikuwa. Kwamba aliusafirisha udongo huo kwa pikipiki, juu ya mapaja, ameufunika kwa shati jipya la njano alilonunua sokoni. Kwamba wakwe walibishana kama udongo unaweza kuzikwa, mwisho wakachimba kaburi dogo nyuma ya nyumba, na mtu wa kusali akaja. Kwamba simu amempa shemeji yake. Kwamba nilipomwona kule Wamaza aliniuliza, bila haya, kama yule mtu bado anawarudishia wengine neno, nikamjibu ndiyo, akasema ni vizuri. Kwamba alimtumia Madamu salamu, na kuku, ambaye alikufa njiani.

Nilisema polepole. Madamu alikuwa anamenya, ameinamisha kichwa. Nilimaliza, nikanyamaza kama alivyotufundisha, nikaitazama midomo yake. Nilitaka anirudishie shati la njano. Au udongo juu ya mapaja. Hata yule kuku ningemkubali.

Alipuliza maganda kutoka kwenye beseni. Akainua uso.

"Mama Anifa amerudi Wamaza," akasema. "Aksanti, Fundi."